Niliomba Mungu Amfichue Aliyeharibu Tarehe za Chanjo

Shangazi Lenah, naomba unisaidie ingawa naona aibu hata kuandika. Mimi ni karani wa kliniki ya watoto hapa Sarang'ombe, tarehe za chanjo tunaziweka kwenye databesi ya kompyuta, na mtu akiingia anaweza kuibadilishia mipangilio kwa muda, akitoka inajirudia kawaida yake, lakini sisi hatutoki, netiwaki ni mbovu na kuingia tena ni vita, kwa hivyo mmoja akiinuka mwenzake anakaa hapo hapo anaendelea. Sasa wafadhili walituma majina na tarehe zimeandikwa mwezi kabla ya siku, nikaiambia mashine isome hivyo, nikamaliza, kurudisha ni amri moja tu, sikurudisha, nikaenda kula chapo madondo. Mwenzangu Nashon akakaa, akaandika miadi vile tunaandikanga, 5/8 yaani tano Agosti, mashine ikasoma nane Mei, ikaona siku imeshapita, mama hawakutumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Watoto wamekosa chanjo ya surua, Nashon ameitwa mlevi mbele ya akina mama na kusimamishwa kazi, kesi yake ni Jumatatu, na mimi nimenyamaza. Kibaya zaidi tunasali pamoja Kawangware, Jumapili iliyopita alisimama akaomba tumwombee, pasta akanichagua mimi nimwekee mikono, nikaomba kwa machozi Mungu amfichue aliyefanya hivyo, naye Nashon akasema amina, akanishukuru. Nifanyeje?

Mwenye Aibu

Mwenye Aibu, pole, lakini pole yangu ni fupi. Kusahau si dhambi, hata mimi huacha ufunguo mlangoni. Lakini kumwekea mikono mtu unayemmaliza, tena na machozi juu, hiyo ni nini? Ulitaka Mungu akwambie kitu gani ambacho hukijui?

Na usiniambie unangoja Jumatatu, surua haingoji kesi. Leo hii rudisha hiyo mipangilio ilivyokuwa, toa orodha ya kila tarehe aliyoandika Nashon baada yako, uwapigie hao mama mmoja mmoja walete watoto. Kisha nenda kwa msimamizi useme ni mimi, na netiwaki usiitaje. Ukifutwa, umefutwa. Na kuanzia sasa anayeinuka atoke, hata kama kuingia ni vita.

Nashon usimtumie meseji. Mwendee nyumbani, asikie kwako kabla ya watu.

Halafu kuna kanisa. Uliomba Mungu amfichue aliyefanya. Jumapili hii simama pale pale, umfichue.