Baba Mkwe, Klachi na Kopo la Mafuta

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimejitia kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni msusi, naishi na mume wangu na baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mama mkwe, na kwa miezi mingi hakutoa neno ila salamu, mpaka mume wangu alipomletea gari dogo la rimoti, basi mzee akafufuka, akalifungua lote mezani, akaniita, "Mwanangu, njoo unishikie taa," na tangu hapo kila Jumamosi mimi na yeye tunashindana na mwenye duka la dawa, naye ana gari lake la rimoti, kwenye uwanja wa shule, na nimefurahi hata nikasahau kuwa yule ni mkwe.

Sasa tatizo, mshauri, ni mafuta. Baba anaamini hakuna chuma kisichotaka mafuta, akayatia kwenye gia, akayatia kwenye beringi, sawa, lakini akayatia na kwenye klachi, ile inayopokea nguvu ya mota na kuipeleka kwenye magurudumu kwa kubana pedi zake, ikawa mota inalia weee na magurudumu yanaitazama tu, nami siku alipokwenda kunyolewa nikafungua nikakuta zile pedi za klachi zinaogelea, nikazifuta kwa spiriti, nikafunga, nikanyamaza, Jumamosi gari likatoka mbio, na baba akanigeukia, "Umeona? Mafuta hayo!" kisha akatia mengine. Nikafuta tena. Akaongeza tena. Wiki iliyopita wateja walinizidi, sikupata nafasi ya kufuta, gari likagoma mbele ya mwenye duka la dawa, baba akaliokota akasema polepole, "Mikono yangu imekwisha, mwanangu. Mpe mtoto wa jirani." Tangu siku hiyo tumerudi kwenye salamu. Nitamwambiaje mkwe wangu, fundi wa miaka yote hiyo, kwamba hajui kutia mafuta?

Msusi mwenye spiriti

Msusi, nimecheka mpaka chai imenimwagikia, kisha nikakukasirikia. Mzee alikuwa na kosa moja dogo, wewe ukamjengea la pili. Kila ulipofuta kwa siri ulimpa ushahidi kwamba mafuta yake yanafanya kazi, na fundi hufuata anachokiona. Sasa gari limegoma, hana cha kulaumu ila mikono yake. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu gizani?

Nakuelewa, lakini. Mkwe hakosolewi kama mdogo wako. Basi usimkosoe.

Gari usimpe mtu. Liweke mezani hivyo hivyo na mafuta yake, umwite baba, na safari hii yeye ndiye akushikie taa. Mwambie ayabane magurudumu kwa mkono wa pili, wewe gusa rimoti kidogo tu. Gia zingekuwa zimelika meno, angesikia kr-kr-kr. Hapa ataona gia kubwa, ile inayosukumwa na mota, inazunguka laini huku magurudumu yametulia mkononi mwake, na atajua kuna kitu kinateleza. Kisha muulize: "Baba, cherehani uliitia mafuta kila mahali. Na mkanda wake je?" Ukishauliza, funga mdomo. Usimmalizie. Hakuna fundi cherehani asiyejua kwamba mkanda wenye mafuta hauvuti kitu.

Mwache aiguse klachi kwa kidole chake. Akicheka, mpe spiriti na kitambaa azifute pedi mwenyewe, azikaushe kabisa, akaze nati ya klachi mpaka mwisho kisha ailegeze kidogo. Gia na beringi zibaki zake na kopo lake, huko hakukosea.

Na ile siri yako mwambie papo hapo, kitambaa kikiwa bado mkononi mwake. Atakutania mpaka nawe uote mvi, na utani wake ndio unaoulilia kwenye barua hii, usinidanganye. Jumamosi mwachie rimoti. Wewe kasimame karibu na mwenye duka la dawa, umtazame uso.