Mapovu ya Wavinya

Kathonzweni, Jumamosi, Agosti 1987

Nimekasirika na sijui nitamwambia nani. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni nikipika pilau na kuoka keki kwa makaa, maana Mwende wangu ametimiza miaka saba. Halafu wifi yangu Wavinya akafika kutoka Makindu na vijiti viwili, kamba na sabuni.

Alikoroga sabuni kwenye beseni, akachovya kamba aliyoifunga kwenye vijiti, akaivuta polepole. Povu likatoka kubwa kuliko mtoto. Watoto wote wa sherehe waliacha sahani zangu wakalikimbilia. Mwende alimkumbatia kiunoni.

"Aunti, kaa na sisi kabisa. Usirudi kwako."

Nilibeba beseni nikamwaga yote chini. "Maji huku tunatoa mbali," nilisema. "Si ya kuchezea."

Uongo. Yalikuwa maji yaliyobaki ya kufulia, ningeyamwaga tu.

Watoto walirudi kwenye sahani. Wavinya aliokota vijiti vyake, akauliza, "Mama Mwende, nikusaidie kuosha sahani?"

Ameolewa miaka tisa na hajapata mtoto. Bado mimi ndiye niliyemwonea wivu.

Kesho kabla ya kanisa nitamwomba msamaha. Leo nimeshindwa, Mwende amelala naye chumba cha wageni.