Chopa ya Baba Inakataa Kukata Kulia

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika lakini maji bado yamesimama bonde la Jangwani. Mwili wote umechoka kama wa mtu aliyeshinda akibeba magunia. Sijala. Naandika tu.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea, Ilala. Chopa yake aliiunda mwenyewe kutoka kwenye pikipiki kuukuu: akakata fremu, akarefusha shokapu za mbele mpaka gurudumu likaenda mbali kule. Vijana wa mtaani wanaiita Twiga. Tangu Mama afariki, ndiyo kitu pekee kinachomtoa nyumbani akiwa anatabasamu.

Wiki hizi za karibuni amekuwa akilalamika. Usukani mzito. Hasa akikata kulia.

Mimi nauza spea za pikipiki Kariakoo, kwa hiyo nililiona ni jambo langu. Tulianza kwa kujaza upepo tairi la mbele. Bado mzito. Rafiki yake Anko Saidi, fundi pikipiki, akahamisha waya za klachi na breki, akidhani zinabana usukani ukigeuka. Bado. Leo nikafunga duka mapema, nikabeba gololi mpya na kopo la grisi, nikaenda Ilala.

Anko Saidi akafungua shingo yote ya pikipiki. Kweli, gololi za ndani zilikuwa zimekauka na nati ya juu ilikazwa kupita kiasi. Nilifurahi jamani. Nikasema moyoni, tumempata mchawi.

Akapaka grisi, akapanga gololi mpya, akakaza nati taratibu. Tukainua gurudumu la mbele kwa jeki. Alisukuma usukani kwa kidole tu, ukaenda wenyewe kulia, ukarudi kushoto. Laini kabisa.

Tukaishusha. "Haya Kaka, panda," akasema.

Baba akapanda, akaanza kuzunguka uwanja mdogo wa mbele ya karakana. Kufika kwenye kona ya kulia, akaenda moja kwa moja. Kidogo agonge geti.

"Bado mzito," akasema.

Anko Saidi akaichukua, akazunguka mwenyewe. Kulia, kulia tena. Halafu usukani nikaushika mimi, nisiyejua hata kuendesha. Ulikuwa mwepesi.

Hapo ndipo nilipogundua: ukikata kulia, mkono wa kushoto ndio unaosukuma usukani.

"Baba, hebu nishike mkono." Akanipa wa kulia. "Hapana Baba, wa kushoto."

Vidole vyake vikagusa vyangu, vikabaki hivyo.

"Bana, Baba."

"Si nabana!"

Hapakuwa na nguvu yoyote.

Anko Saidi akageuka, akaanza kukusanya spana alizokuwa ameshazikusanya. Na mimi nikakumbuka kwamba siku hizi Baba anavaa fulana tu, yeye ambaye maisha yake yote ni mtu wa mashati ya vifungo. Nilidhani ni joto.

Hospitali alikataa. "Kwa mkono tu? Nimeulalia vibaya."

"Kaka, twende. Mimi nakuomba," Anko Saidi akamwambia. Sijawahi kumsikia akiomba. Tukaenda.

Daktari, dada wa rika langu, alimwamkia vizuri, kisha akamwambia anyooshe mikono yote miwili na afumbe macho. Wa kushoto ukashuka polepole, na Baba hakujua. Daktari akatueleza kwamba inaonekana ni kiharusi kidogo kilichopita bila sisi kujua. Wamemlaza, watampiga picha ya kichwa.

Baba aliuliza swali moja tu. "Nitaendesha lini?"

"Mzee wangu, pikipiki kwa sasa hapana."

"Sawa, daktari," akajibu kwa adabu ile anayoitumia akiwa ameumia. Kisha akageukia ukutani.

Baba hajawahi kunipa mgongo.

Nilikaa pale mpaka nesi akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nilitamani kumwambia Baba neno, lakini kila nililolifikiria lilikuwa la uongo.

Mkono wa kulia wamemwekea dripu, kwa hiyo kesho asubuhi itabidi nimlishe uji mimi. Mzee huyu hajalishwa na mtu tangu utotoni. Ataniruhusu? Sijui. Akikataa, nitaweka bakuli pembeni nikae naye tu, hata uji ukipoa.