Dakika tatu na sekunde kumi na moja za Ramazani

Jumanne. Mvua imeanza mbele ya saa kumi na mbili na haijaacha. Alunguli, mtaa wetu hapa Kindu, yote ni matope, hakuna wa kununua hata buji moja ya kuwashia pikipiki. Nimekaa dukani, naandika kwenye blogu yangu.

Sauti ya kaka yangu Ramazani imepotea. Ilikuwa ndani ya albamu yetu ya kwanza, na jana Jumatatu, saa kumi za alasiri, nimejua kwamba imekatwa yote.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira nitakosea hesabu.

Wakati wa vita tulikuwa watatu: Ramazani, mimi, na Amisi rafiki yake wa darasa moja. Kikundi cha hip hop, jina Vichwa Tatu. Treni haikuja tena, mto ulifungwa, chumvi iliingia Kindu kwa ndege ao juu ya baiskeli. Na sisi tunataka albamu ya studio! Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, magodoro yamesimamishwa kwenye kuta, mashine ya kaseti, na jenereta inayokunywa lita mbili kwa saa. Nyimbo kumi, kila wimbo saa mbili. Lita arobaini. Na mazuti, mafuta ya jenereta, yalikuwa kwa muntu mmoja tu, komanda aliyeshika mji. Sitaandika jina lake. Hapa kila muntu mzima analijua.

Muziki wa kwetu uko na desturi yake: mukubwa akikusaidia, unamutaja kwa sifa katikati ya wimbo. Tunaita kutupa mabanga. Komanda alitoa bidoni mbili za lita ishirini, akataka jina lake lisikike kwenye kila wimbo.

Nani ataje? Amisi alikataa. Mimi pia sikutaka kuchafua mdomo wangu. Njo nikamwambia kaka yangu: "Rama, weye uko na sauti nzito, weye utatupa mabanga. Ubeti wako utakuwa kwenye wimbo wa kumi, wote wako peke yako."

Akacheka. "Sawa, patroni."

Aliniita patroni, mimi mdogo wake, sababu mahesabu yote nilifanya mimi. Lakini bidoni ya pili ilikuja imepungua lita nne, na sikuipima.

Jenereta ilizimika tulipomaliza wimbo wa tisa, wa kumi haukurekodiwa.

Kwa hiyo katika albamu nzima Ramazani hana ubeti hata mmoja. Anaita jina la komanda, anacheka, anatia neno mbele na nyuma, basi. Miezi minane baadaye alisukuma baiskeli ya mafuta ya mawese mpaka Kampene, homa ikamushika kule, dawa hakuna. Walimuzika kulekule. Sauti yake haiko fasi ingine yoyote duniani.

Kaseti ilikuwa moja. Amisi aliondoka nayo kwenda Kinshasa, na miaka yote akasema ilipotea. Wiki mbili zimepita aliniandikia: ameiona ndani ya sanduku la zamani, anaisafisha kwa kompyuta, Jumamosi hii anaitoa kwenye mtandao. Nililia hapa hapa dukani, kati ya minyororo na mipira.

Jana akatuma nyimbo tisa kwenye simu yangu. Nikafunga duka, nikaenda kwa mama. Mama alivaa kikwembe chake cha sikukuu, akakaa, akaweka mikono magotini. Nikafungulia wimbo wa kwanza.

"Huyu ni Amisi," akasema. "Huyu ni weye, unalalamika tangu zamani. Rama anaingia fasi gani?"

"Ngoja, mama."

Wimbo wa tano, akasema: "Anachelewa. Njo tabia yake."

Wimbo wa tisa ukaisha. Mama akatazama simu, kisha mimi. "Mwayuma, uniambie tu. Mulimufukuza?"

Nilirudi nyumbani nikatafuta daftari la studio. Niliandika urefu wa kila wimbo wakati ule. Nikatoa urefu mupya kutoka kwa ule wa zamani, wimbo kwa wimbo, nikajumlisha. Dakika tatu na sekunde kumi na moja. Njo kaka yangu mzima.

Nikamupigia Amisi. "Dada, lile jina ni sumu," akasema. "Unataka watu wa Kindu wanipige mawe?"

"Weye uko Kinshasa. Mawe yatakuja kwangu."

Kisha nikakata simu, maana hajakosea. Hapo njo nimefungwa.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa Mama Furaha. Bwana yake alichukuliwa na askari wa komanda yule, hakurudi. Ananunua kwangu mipira ya pikipiki ya mtoto wake, ananisalimia kila asubuhi. Hana simu ya mtandao, hapa hasomi. Siku atakaposikia damu yangu inamusifu yule muntu, nitamuangalia na macho gani? Na nitahamia wapi? Nyumba hii nimeijenga peke yangu, matofali elfu nne, sikusaidiwa na bwana wala ndugu. Duka, wateja, mama, vyote viko hapa, na mimi niko katikati yao kama panya ndani ya gunia.

Na aliyemutuma Rama kutaja lile jina ni mimi. Amisi amekata tu kile nilichopanga.

Nilimueleza mama yote, pamoja na jina. "Hata amutaje shetani," akasema, "uniache nimusikie mutoto wangu."

Basi nimeamua. Leo nimenunua vifaa vya masikioni, vile vinavyoziba vizuri. Mama atasikia kaseti isiyokatwa, peke yake, ukuta hautasikia, Mama Furaha hatasikia. Sihitaji kitu kingine.

Amisi, najua unasoma hapa. Toa albamu yako Jumamosi, sitakuzuia. Lakini mara tatu nimekuuliza habari ya ile kaseti, na mara tatu umenitumia picha ya jalada. Usinitumie picha tena. Usiniambie tutaona. Kaseti yenyewe, na sauti ya Rama ndani yake, iko ao ulishaifuta? Neno moja, iko ao haiko. Nangoja mpaka Ijumaa, saa sita ya mchana, saa ya Kindu, siyo ya Kinshasa.