Nani Atangulie Kupanda Mtaroni

Homa Bay, Aprili 1996

Baba Akinyi,

Mvua ndefu imeanza bila wewe. Tangu tukuzike Desemba nilidhani nitazoea, lakini nikisikia mabati yakilia bado nageuka kukutafuta na jembe lako, umevaa lile koti la kaunsili lisilobaki na kifungo hata kimoja.

Unakumbuka tulivyochekwa? Mji mzima ulitaka mitaro ya saruji, maji ya mlima Asego yashuke upesi hadi ziwani. Wewe ukaupanua mtaro wa juu ya soko, ukalaza kingo zake, ukaujaza nyasi, na kule chini ukakataza watu kufyeka mafunjo ya kinamasi. Wakasema fundi wa kaunsili amewafungulia ng'ombe hoteli. Uliniambia mimi tu, mwanagenzi wako: "Maji ikikimbia inabeba duka. Lazima itembee." Nikajifanya nimeelewa. Siku mvua ilipopiga kweli, nikayaona maji yakipungua taratibu kwenye nyasi, na nyanya za akina mama zimekaa kavu juu ya magunia. Nilijivunia kuwa mtu wako.

Sasa nikueleze kosa langu. Kiangazi kilikausha nyasi za mtaro, na ng'ombe wakala hadi mizizi. Nikachimba miche ya nyasi ukingoni mwa kinamasi, nikaifunika kwa gunia bichi kivulini. Lakini sikuipanda. Wewe wajua kwetu mtoto hatangulii kutia mbegu ardhini kabla ya wenye boma. Nami moyoni mtaro ule ulikuwa boma lako. Mkono ulikataa kabisa. Niliona nikitangulia nitakuwa nakuzika upya. Wiki mbili nzima nikangoja, hata sijui nilimngoja nani.

Mvua ikanitangulia. Kingo zikabomoka, maji yakaingia sokoni na kuzoa omena yote ya Mama Akinyi, dagaa wake wa biashara. Mjane wako, Baba. Nilishindwa hata kula kwa aibu.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha, nikamweleza yote bila kujitetea. Akauliza miche iko wapi. Asubuhi yake akaja mtaroni, akavua viatu, akateremka kwenye matope akiwa na nguo zake za matanga. Akapanda shina moja, akalishindilia kwa kisigino. Akaniangalia.

"Mwenye boma amepanda," akasema. "Sasa na wewe, nyathina, mwanangu. Soko haiwezi kungoja mtu amalize kulia."

Nikapanda hadi saa sita, machozi yakinitoka, wala sikuweza kuyafuta kwa matope ya mikononi. Miche imeshika. Jana maji yalipita hapo polepole, soko likabaki kavu.

Pumzika, Baba Akinyi. Nakuahidi kila kiangazi nitaziba mapengo kabla ya wingu la kwanza. Na siku Mama atakaposhindwa kuteremka mtaroni, nitamleta akae ukingoni aone, nami nitapanda kwanza.

Mtoto wako wa kazi,
Owuor