Burl Deskins na Uzi Mfupi wa Wimbo wa Pili

Mwaka umetimia, Burl, tangu ulipokata roho asubuhi ile ya Aprili, kahawa yako ikiwa bado inafuka moshi juu ya mkono wa kiti. Niliimalizia mimi. Uliitia vijiko vitatu vya sukari, na daktari alikuwa amekukataza hata kimoja, basi nikajua umeondoka ukiwa yuleyule.

Tunakukumbuka kwa mengi. Miaka thelathini na mmoja ya mgodi wa makaa, na hukurudi nyumbani hata siku moja bila kuacha kipande cha mkate kwenye chombo chako cha chakula ili watoto wagombanie. Mashine za kukata nyasi za majirani ulizozifufua, ukalipwa nyanya. Ulivyokaza nyuzi za banjo kabla ya kusali, ukisema Mungu naye ana masikio.

Kwa wasomaji wa gazeti hili ambao hawakukujua nitasema machache, nawe nyamaza usije ukanikatiza. Mlikuwa bendi ya watu watano, Vijana wa Kijito cha Harless. Wewe na banjo. Mdogo wako Orbin na mandolini, ndiye aliyeimba sauti ya juu ile inayowasimamisha watu nywele. Hobert Yates na gita, kiongozi, mwenye maneno mengi kuliko mhubiri. Clell alipiga fidla, Troy akalikumbatia besi. Mlizunguka maikrofoni moja tu, mkipishana kwa mabega kama kuku kwenye bakuli, na anayetaka kusikika anasogea. Mlirekodi santuri moja, mwaka 1964, katika kituo cha redio kilicho karibu na reli. Nyimbo kumi na mbili. Na wimbo wa pili ndio uliokula undugu wenu.

Maana wimbo wa pili una kitu kilichochacha, sauti isiyolingana na nyingine. Kila mwenye sikio anakisikia. Kwa kuwa wote watano mliingia kwenye maikrofoni ileile, hakuna aliyeweza kunyoosha kidole kwa hakika, isipokuwa wewe. Wewe ulinyoosha. Ulisema ni mandolini. Dukani wakamwita Orbin "Nyuzi Legevu", na wengine wakaongeza kwamba hata za kichwani zimelegea. Akaitundika mandolini ukutani, akatoka kwenye bendi. Miaka hamsini na miwili mkasalimiana kama watu waliokutana posta.

Ningeyaacha hayo yalale nawe. Lakini mwezi wa tatu baada ya mazishi ikaja barua kutoka Osaka, Japani. Bwana mmoja Nishiwaki, anapiga banjo huko, tena ana bendi nzima ya Wajapani wanaopiga muziki wetu. Aliandika kwa adabu nyingi: "Mama mheshimiwa, nimejaribu miaka kumi na tisa kuiga santuri yenu. Tafadhali, marehemu aliuweka uzi mfupi kwenye sauti gani katika wimbo wa pili?"

Nikaisoma barua mara mbili. Uzi mfupi, ule wa banjo! Hakuuliza habari za mandolini.

Unanijua nilivyo, Burl. Nikiona mlango umefungwa sili mpaka nijue kuna nini ndani. Nikaenda kwa Nelda, mjane wa Hobert.

"Nelda, Hobert aliacha utepe wa siku ile ya kurekodi?"

"Aliacha kila kitu isipokuwa hela," akasema. "Upo kwenye kopo la unga. Wa nini?"

"Kuna Mjapani ananiuliza swali."

"Ha! Mumeo hajamaliza mwaka, wewe tayari una Mjapani."

Tukaazima mashine ya zamani maktaba, tukakaa jikoni kwake na mkate wa mahindi. Jamani, kuwasikia nyote mkiwa vijana! Troy anakohoa. Clell anaomba sigara. Halafu wimbo wa pili, na uchachu wake, mpaka mwisho. Kisha sauti ya Hobert, wazi kama yuko chumbani: "Kuna kitu kimeoza humu. Ni nani?"

Wewe ukasema, "Orbin, kaza nyuzi zako."

Orbin akasema, "Zangu ziko sawa, kaka. Nimezipima sasa hivi."

"Kaza, bwana. Usitupotezee siku."

Hobert akasema, "Turudie." Kikapita kimya cha pumzi mbili. Na katika kimya kile nikasikia: tik.

Nelda hakusikia kitu. Mimi nilisikia, maana tik hiyo nimelala nayo na kuamka nayo. Wapiga banjo watanielewa. Ukitaka kupandisha sauti ya wimbo unabana nyuzi nne ndefu kwa kibanio, lakini uzi wa tano ni mfupi, kibanio hakiufikii; lazima uuingize kwa kidole chini ya kimsumari kilichopigwa shingoni mwa banjo. Ukiingia unalia tik. Ukisahau, nyuzi nne zinapanda, wa tano unabaki chini unaomboleza peke yake. Nilipokukasirikia nilikuwa nakuchomolea uzi huo kimyakimya ili uaibike mbele ya wageni. (Siku ile ya kurekodi sikuwepo, nina mashahidi.)

Kwa hiyo ulikuwa umesahau kuubana, Burl. Ulipomgombeza mdogo wako ukatazama chini, ukauona, ukaubana, ukanyamaza. Mara ya pili mkapiga safi kabisa, lakini katikati likapita treni la makaa likapiga honi, wenye kampuni ya santuri wakatoa rekodi ile ya kwanza. Na sasa vijana wa blugrasi, muziki wetu huu wa nyuzi, dunia nzima wamejifunza kosa lako kama sala. Bwana Nishiwaki nimemjibu kwa neno moja: Alisahau.

Lakini mimi nina maswali ambayo Osaka hawawezi kunijibu. Kila wimbo ule ulipopigwa redioni ulitoka nje, nami nikidhani ni kibofu. Kumbe? Ulisimama uani ukifanya nini? Ulikuwa unangoja Orbin aanze kusema? Au uongo mdogo ukikaa sana hupata mizizi, ukaona kuung'oa utabomoa nyumba?

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea Orbin utepe ule. Nilimkuta kibarazani anakata viazi vya mbegu.

"Shemeji, leo umepotea njia?"

"Nimekuletea kaka yako."

Akaitazama mashine. "Hata humo kwenye kijisanduku bado ana kelele?"

Akasikiliza kisu kikiwa mkononi. Ilipofika tik, kisu kikasimama.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara nne. Kisha akasema polepole, "Alijua. Mbwa yule alijua."

"Usimwite mbwa, Orbin. Nimelala naye miaka hamsini na mitano."

"Basi pole kwa viroboto."

Tukacheka mpaka ndoo ya viazi ikapinduka. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akakaa akiangalia mikono yake.

"Zella, si santuri inayoniuma. Unakumbuka Mama? Kila akija mgeni aliiweka. Ukifika ule wimbo anasema, 'Hapo Orbin wangu aliteleza, lakini nampenda hivyohivyo.' Amekufa anaamini hivyo. Kaka alikuwa amekaa mezani, anakula, anasikia."

Nikaokota viazi vilivyomwagika, kimoja kimoja.

Nikamwomba aje mwezi wa Mei, siku ya kusafisha makaburi na kula pamoja huko juu, atuimbie. Maana tulipokuzika alisimama nje karibu na gari lake, kofia kifuani, na wimbo ukaenda bila sauti ya juu kama nyumba isiyo na paa. Akatikisa kichwa. "Andika kwanza. Kwenye gazeti, dukani wasome wote walioniita Legevu. Na uandike kwa jina lake, si kwa lako. Nikishasoma nitajua la kufanya na mandolini."

Basi, Burl, naandika kwa jina lako, kwa kuwa wewe mwenyewe ulichelewa. Siku ile katika wimbo wa pili, mandolini ilikuwa sawa. Uzi uliokosea ni wako, na ulijua kabla treni halijapita. Sisi wa nyumba yako tunamwomba Orbin Deskins radhi, kwa miaka yote hamsini na miwili.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Zella, binti yako Garnet na mumewe, mwanao Lonzo, ambaye ameirithi banjo na husahau kimsumari kama wewe, wajukuu saba, Nelda Yates, na mdogo wako Orbin, ambaye nimemtia humu bila kumwuliza. Akitaka kunigombeza, Jumapili ya tatu ya Mei, saa nne asubuhi, nitakuwa kaburini pako. Aje na mandolini.

Hatukusahau, Burl, hata hili hatulisahau. Tumekusamehe tu.