Maua ya Mama Nyuma ya Maktaba

S.L.P. 57,
Sultan Hamud.
2 Desemba 1993.

Mpendwa ndugu yangu Irungu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko Ndola? Mke wako Wanjiro anaendeleaje, na kile kifua chake kimepoa? Watoto je, Waithaka na Wangui, wanakua vizuri, au umewaacha wakue bila kujua lugha ya kwao? Mimi dada yako ni mzima. Magoti ndiyo yananisumbua ninapopanda huu mlima, lakini kwa umri wangu magoti yana haki ya kulalamika.

Mvua imetukumbuka. Novemba yote imenyesha, pojo zimeshika, na kunde ndiyo mboga yetu kila jioni. Mbuzi wawili wamezaa. Hizo ndizo habari njema, na nimezitanguliza makusudi, maana zilizobaki sijui kama ni habari au ni maswali.

Kwanza, asante kwa kitenge. Mwalimu Kilonzo, mkuu wa Chuo hapa jirani, aliniletea mwezi wa Agosti alipotoka kwenye mkutano wa makanisa huko kwenu. Alisema ni zawadi kutoka kwako. Ni kizuri, rangi ya machungwa na samaki wa buluu. Lakini Irungu, tangu uende huko hujawahi kunitumia hata leso. Nimekikunja nikakiweka chini ya godoro. Sitakipeleka kwa fundi mpaka nijue kimekuja kufanya nini.

Huenda umesikia kwamba Chuo chetu kitafanywa chuo kikuu. Huku hatuna habari nyingine. Kalondu, jirani yangu anayewapikia wanafunzi, siku hizi anaenda jikoni na viatu vya kanisani.

Wewe ulikuwa bweni, ukija likizo unakuta jengo limekwisha, kwa hiyo acha nikukumbushe yalivyoanza. La kwanza lilikuwa chumba kimoja cha mawe, mwaka wa sitini na tatu. Kanisa lilitafuta mahali pa kufundishia wainjilisti, na Baba, aliyekuwa amefunga duka lake la stesheni na kununua shamba hili kwa Mzee Ndululu, akawaazima sehemu ya chini. Akawaazima, Irungu. Neno alilotumia ni hilo. Nilikuwepo, nikipakua githeri.

Bwalo lilikuja mwaka wa sabini na moja. Hilo lilijengwa kwa mwethya, wanawake wa vijiji vyote wakiungana, mchanga tukautoa mtoni na mawe tukayavunja wenyewe tukiimba. Mimi bado nina alama ya nyundo kwenye kidole gumba. Halafu mabweni, Chuo kilipoanza kufundisha walimu. Halafu Baba akafariki. Halafu maktaba mwaka wa themanini na sita, ile ya madirisha marefu. Kila mara waliomba, na kila mara walikubaliwa, na kila jengo lilipanda mlima kuliko lililotangulia. Hakuna hata moja lililoshuka kuelekea barabarani, ambako kanisa lina ardhi yake lenyewe. Niliwahi kuuliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba huku juu kuna hewa.

Sasa nije kwa Mama. Wewe unajua matoka ni nini, lakini watoto wako hawajui, kwa hiyo wasomee hapa polepole. Itoka ni ua la porini lenye kitunguu kikubwa chini ya ardhi, na kwa wazee wetu kule Murang'a hupandwa mpakani. Jua likikausha kila kitu, itoka hulala chini likangoja mvua. Na haling'olewi na mtu mmoja. Ni lazima wenye mpaka wote wawili wawepo.

Kila jengo lilipokwisha, Mama alijaza kiondo cha matoka akaenda kuyapanda pale Chuoni. Walimu walifurahi sana. Majirani zetu Wakamba hawayatumii kwa kazi hiyo, kwao ni ua kama ua lingine, wakambandika jina la Mama Maua, na siku ya kufungua maktaba wakampa blanketi mbele ya watu. Mimi niliona haya. Nilimwuliza kwa nini anageuza mipaka ya wazee wetu kuwa urembo. Alicheka tu, akajifunika blanketi lake. Alikufa nikidhani uzee umemchanganya.

Mwezi uliopita, mvua ilipoanza, matoka yote yalichanua kwa pamoja. Nilikuwa nimempelekea Kalondu maziwa, nikasimama kwenye ngazi za maktaba kupumzisha magoti, nikatazama huku na huku. Irungu, ile haikuwa bustani! Nyuma ya kila jengo kulikuwa na mstari mmoja mweupe, umenyooka kama kamba, upande unaoelekea nyumbani kwetu. Mbele ya majengo, ambako wageni hupita, hakuwa amepanda hata ua moja. Mama alikuwa akiliambia kila jengo: mwisho wako ni hapa. Na wao walikuwa wakimmwagilia maji.

Nilikaa pale nikalia, kisha nikacheka peke yangu. Mimi ambaye nyote husema nashuku hata kivuli changu, kumbe mbele ya Mama nilikuwa mwanafunzi tu.

Basi, wiki iliyofuata akaja mpima ardhi, kijana anaitwa Kivuva. Akauvuka mstari wa nyuma ya maktaba, ule wa mwisho, kana kwamba haupo, akachomeka vigingi vyake huku kwetu. Kimoja kiko mlangoni mwa jiko langu. Kingine kimepita kaburi la Mama. Nikamwita Mzee Ndululu, ambaye bado yuko hai, maana yeye ndiye aliyekuwa shahidi siku Mama alipokubali maktaba ijengwe na kusema baada ya hapo basi.

"Mzee, mimi nafuata ramani, sifuati maua," Kivuva akamwambia.

"Hiyo ramani imekuja juzi na basi," Ndululu akajibu. "Haya maua yalibebwa na punda wangu, na mimi nilikuwa nyuma yake."

Kijana akacheka kwa adabu. Kisha akanigeukia, akaniita kama bibi yake, akasema jambo ambalo halijaniacha nikae kwa amani. "Shosho, mbona unajisumbua? Mwenye shamba si alishakubali?"

Mwenye shamba! Mimi nimelima hapa tangu nifiwe na mume wangu, nimewauguza Baba na Mama hapa, nimewazika hapa. Lakini hati ina jina lako, kwa kuwa wewe ndiwe mwanamume.

Nikaenda kwa Kilonzo. Alinipa chai na keki, na hiyo keki peke yake ilinitia wasiwasi. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema jengo jipya litakuwa la ghorofa tatu na litaitwa Ukumbi wa Waithaka. Jina la Baba juu ya mlango, na binti yake kando ya barabara na masufuria yake! Akasema pia kwamba ndugu yangu ni mtu wa maendeleo. Nani alimwambia wewe ni mtu wa maendeleo? Na ile kadi yako ya Pasaka ilikuwa na nini, uliponiuliza shamba linafika wapi upande wa juu? Hujawahi kuniuliza hata kama kuku wanataga.

Ijumaa iliyopita wanafunzi waliambiwa wang'oe matoka yote, eti yanaficha nyoka, wapande waridi kabla wageni kutoka Nairobi hawajafika kukagua. Tangu sitini na tatu hayajaficha nyoka. Yameanza mwaka huu. Kama Kilonzo hajui maana yake, basi ana bahati ya ajabu. Na kama anajua, nani alimfundisha? Yeye ni Mkamba wa Ikutha, jambo hilo hawezi kuliota. Mimi sikumwambia, na Ndululu haongei naye tangu ile kesi ya ng'ombe.

Nakuambia wazi, naogopa. Simwogopi Kilonzo, watu wa aina yake nawajua, nitapigana naye mpaka kwa DC. Naogopa kwamba ni wewe.

Jumamosi nilienda kwenye shimo la takataka la Chuo na magunia yangu. Vitunguu vyote vilikuwepo, vizima. Wanafunzi wakanionea huruma wakanisaidia kubeba mpaka nyumbani. Walidhani shosho anapenda maua.

Sikuyarudisha nyuma ya maktaba. Nimeyapanda hapa nyumbani, kuanzia kwenye lango mpaka kule juu mlimani, katikati ya nyumba yangu na ule msingi wa mawe uliouacha ili uje ujenge. Kaburi la Mama liko upande wangu. Mzee Ndululu alisimama akatazama mpaka nikamaliza.

Mvua inaendelea, na tayari yameshika. Kama hukukubali, panda basi uje Krismasi. Wewe uanzie langoni, mimi nianzie juu, tuyang'oe pamoja, na nitakiri mbele ya kanisa zima kwamba nilimshuku ndugu yangu bure. Kama ulikubali, usinieleze kitu. Ukija na kuyakuta, usiseme tu kwamba ni mazuri.

Msalimie Wanjiro sana. Mwambie Waithaka mdogo asome kwa bidii, na Wangui umbusu kwa niaba ya Mama, mwenye jina lake. Kalondu anawasalimu, na Mzee Ndululu pia. Mungu aliyewatunza ugenini awalinde, na akuongoze kwenye kweli.

Ni mimi dada yako akupendaye, kutoka upande wangu wa matoka,

Gathoni